Kupakia na kushusha machela kwenye gari la wagonjwa Mombasa: kuchagua mtambo, kuufunga na kuutumia

Anayetaka kununua mtambo wa kupakia machela kwenye gari la wagonjwa aghalabu huuliza kwanza unabeba kilo ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini liko jingine linalopaswa kulitangulia: machela inapokuwa nusu ndani ya gari na nusu nje, ni kitu gani kinachoishikilia isianguke ikiwa mhudumu ataponyokwa na mpini? Katika aina zote za mitambo zitakazoelezwa hapa, mota, pampu na springi hupunguza jasho tu. Kinachomlinda mgonjwa ni kulabu, komeo, na jicho la mtu aliyehakikisha kwamba vimeshika. Maelezo haya ni ya wasimamizi, madereva, mafundi na wahudumu wa magari ya wagonjwa hapa Mombasa, ambako chumvi, kivuko na vichochoro huongeza masharti ambayo kitabu cha mtengenezaji hakiyataji.

Uzito wenyewe

Mgonjwa wa kilo 80 akilala juu ya machela ya kilo 40, wahudumu wawili wana kilo 120 mikononi mwao, mbali na mtungi wa oksijeni na vifaa vingine vinavyowekwa kando ya miguu yake. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, huanza hesabu zake za kuinua mizigo kwa kilo 23 kwa mtu mmoja, tena pale ambapo mzigo uko karibu na mwili, kiuno hakisokotwi, na pa kushika ni pazuri. Mbele ya mlango wa gari, usiku, mvua ya masika ikinyesha, hakuna hata sharti moja kati ya hayo linalotimia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Kwa hiyo mtambo wa kupakia haupaswi kuhesabiwa kuwa anasa ya hospitali kubwa.

Aina za mitambo

Iliyo rahisi na iliyoenea zaidi ni machela inayojikunja yenyewe. Upande wa kichwa ina magurudumu mawili madogo yaliyo juu, ambayo hutangulia kukaa juu ya sakafu ya gari. Machela inaposukumwa, miguu yake ya mbele hugusa ukingo wa gari na kukunjwa, kisha mhudumu aliye nyuma hubonyeza wenzo na miguu ya nyuma ikafuata. Ziko nyingine ambazo miguu yake imepishana kama mkasi, na hizi humtaka mhudumu wa nyuma ashikilie karibu nusu ya uzito wote wakati mwenzake anaikunja miguu hiyo kwa pamoja. Tofauti hii wauzaji huipitia haraka, ilhali ndiyo inayoamua nani ataumwa mgongo mwisho wa mwezi.

Njia ya pili ni ubao wa mteremko na winchi, yaani mashine ya kuvuta mzigo kwa kamba. Hapa hesabu ni ya shule ya msingi: sakafu ikiwa na urefu wa sentimita 65 kutoka chini na ubao ukiwa wa mita 2, mteremko ni takriban nyuzi 19, na kusukuma kilo 120 kunahitaji nguvu inayokaribia ya kuinua kilo 39, kabla ya kuongeza msuguano wa magurudumu. Ubao wa mita 2.4 hupunguza mteremko huo hadi karibu nyuzi 16 na nguvu hadi kilo 33 hivi. Bila winchi, ubao huwa umeuhamisha mzigo kutoka mgongoni kwenda magotini, basi. Winchi nayo lazima iwe na breki inayojifunga yenyewe kitufe kinapoachiliwa, na mhudumu mmoja lazima atembee kando ya machela muda wote. Lifti ya nyuma, inayopanda na kushuka ikiwa bapa, humnyanyua mgonjwa bila kumwinamisha, lakini ni nzito, inahitaji nafasi kubwa nyuma ya gari, na kwenye barabara nyembamba nafasi hiyo haipatikani.

Kuna pia meza inayofungwa sakafuni, ambayo huteleza nje na kuinama kuipokea machela. Vifaa vya namna hii vina sehemu yake katika kiwango cha Ulaya cha EN 1865, ambacho sehemu yake ya 2 inahusu machela zenye nguvu ya umeme, ya 3 machela za wagonjwa wazito, ya 4 viti vya kubebea vinavyokunjwa, na ya 5 mitambo ya kuishikilia machela ndani ya gari. Mnunuzi na amwombe muuzaji amwonyeshe cheti kinachotaja sehemu inayohusika. Kutajiwa namba 1865 peke yake hakumwambii kitu.

Mwisho kabisa ni mtambo wa umeme. Hapa watu huchanganya vitu viwili. Machela ya umeme ina mota na haidroliki inayoinua na kushusha kitanda. Hata hivyo, ikipakiwa kwenye gari lisilo na mtambo wake, mhudumu wa nyuma bado hubeba sehemu ya uzito wakati miguu inajikunja, na safari hii uzito wenyewe umeongezeka. Power-PRO XT ya kampuni ya Stryker, kwa mfano, ina uzito wa takriban kilo 57 ikiwa na betri, na imeundwa kubeba mgonjwa wa hadi kilo 318. Mtambo wa sakafuni unaoambatana nayo, Power-LOAD, una mikono inayoikamata machela na kuibeba yote, mgonjwa na kitanda chake, hadi kilo 395, na huichaji betri ya machela ikiwa ndani ya gari. Aliyenunua cha kwanza bila cha pili, na wapo, ameongeza kilo katika mikono ya watu aliotaka kuwapunguzia.

Rai yangu, kwa magari mengi ya hapa ambayo ni HiAce au Land Cruiser, ni kwamba machela nzuri inayojikunja, yenye kulabu na komeo vilivyojaribiwa, inafaa kuliko mtambo wa umeme usio na fundi wala vipuri mjini. Kituo chenye safari nyingi kila siku, au kinachopokea wagonjwa wazito mara kwa mara, kina sababu ya kwenda kwenye umeme, mradi mkataba wa matengenezo utiwe saini pamoja na mkataba wa ununuzi, si baadaye.

Kupima gari kabla ya kununua

Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakiwa na upepo uliopendekezwa, tangi likiwa na mafuta na vifaa vyote vikiwa ndani, kisha pima kutoka ardhini hadi juu ya sakafu pale magurudumu ya kupakilia yatakapokaa. Pima tena gari likiwa tupu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoeleza kwa nini machela iliyopanda vizuri siku ya maonyesho hukwama siku ya kazi. Sakafu ya Land Cruiser iko juu kuliko ya HiAce, na gari lililoongezewa springi ngumu hupanda zaidi. Machela iliyorekebishwa kwa gari moja isihamishiwe jingine bila kupimwa upya. Magurudumu ya kupakilia yanapaswa kupita juu ya ukingo bila kuinuliwa kwa mkono, lakini yasiwe juu sana hata yakaangukia sakafu kwa kishindo.

Pima pia upana wa mlango, kimo cha dari juu ya kichwa cha mgonjwa aliyeinuliwa mgongo, na nafasi ya mhudumu kukaa kando yake. Bampa au ngazi ya nyuma iliyoongezwa na fundi wa mtaani huzuia miguu ya mbele kujikunja kwa wakati wake, na mara nyingi dawa yake ni kuiondoa ngazi hiyo tu.

Kufunga sakafuni

Kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinataka machela na kilichoifunga vistahimili msukumo wa mara 10 ya uzito. Marekani ina mwongozo wake wa jaribio la namna hiyo, SAE J3027, uliotolewa mwaka 2014. Kwa zile kilo 120 zetu, mara 10 ni sawa na tani 1.2 zinazotaka kumfuata dereva kwenye kiti chake. Sasa tazama kinachofanywa na mafundi wengi: bati jembamba la sakafu, plaiwudi juu yake, na skrubu za mbao. Funga ya namna hiyo huishikilia machela gari linapotembea taratibu, na hung'oka siku ya ajali, siku ile moja ambayo kwa ajili yake ilifungwa.

Bolti ni lazima zipite hadi kwenye mihimili iliyo chini ya sakafu, na pale ambapo hakuna mhimili, bamba nene la chuma lilazwe chini ili mzigo usambae. Kabla ya kutoboa, fundi alale chini ya gari aangalie njia ya tangi la mafuta, mirija ya breki na nyaya. Haitoshi kukisia kutoka juu. Tumia reli na komeo la mtengenezaji yuleyule wa machela. Komeo la kampuni moja likiishika machela ya nyingine "kwa bahati", jua kwamba linaishika pia kwa bahati.

Iwapo mtambo unatumia umeme, waya wake utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, uwe mnene wa kutosha, na usikopwe kutoka kwenye waya wa taa za ndani. Waya mwembamba hushusha volti mota inapoanza kuvuta, na mtambo ukasimama katikati ya njia mgonjwa akiwa hewani.

Jaribio la kwanza lisifanywe kwa mtu. Mifuko miwili ya simenti ya kilo 50, ikifungwa kwa mikanda ya machela, inatosha. Ipakieni na kuishusha mara ishirini, kisha mkague kila nati.

Kupakia

Kabla ya kwenda mlangoni mgonjwa awe amefungwa mikanda yote, pamoja na ile ya mabegani, na machela ishushwe kimo wakati wa kuisukuma. Machela iliyoinuliwa juu hupinduka upande kwa urahisi wa kushangaza, hasa gurudumu likiingia kwenye ufa wa lami au machela ikisukumwa kiubavu. Isukumeni kwa urefu wake, mmoja kichwani na mmoja miguuni, na iinueni mkifika karibu na gari.

Wahudumu waafikiane maneno. Kiswahili kina neno moja, "miguu", kwa miguu ya mgonjwa, ya machela na ya mwenzako, na amri ya "shika miguu" imewahi kumfanya mtu ashike kisichoshikwa. Wahudumu niliofanya nao kazi huiita miguu ya machela "vyuma", na jambo hilo dogo limeondoa utata mwingi.

Magurudumu ya kupakilia yakishakaa sakafuni, simameni. Aliye kando aangalie kwamba mtaimbo wa usalama ulio chini ya machela umepita kulabu ya sakafuni, na aseme kwa sauti, "Kulabu." Ndipo wa nyuma asukume kwa mwendo mmoja, bila kurusha, vyuma vya mbele vikunjike, abonyeze wenzo, na vya nyuma vifuate. Komeo likishika kutasikika mlio, lakini sikio halitoshi: ivuteni machela kuelekea mlangoni kwa nguvu ya kweli. Isipotoka, ndipo mlango ufungwe.

Majirani na jamaa watakuja kusaidia, na hapa Mombasa hawaji wawili. Mkono usiofahamu wenzo ni hatari kuliko kukosa mkono. Wapewe kazi ya heshima: "Mzee wangu, tushikie mlango", "Dada, tunaomba mwavuli juu ya mgonjwa." Mipini ibaki kwa wahudumu.

Kushusha

Kushusha ndiko kunakoangusha watu. Wakati wa kupakia, vyuma vinakunjika na sakafu inapokea mzigo. Wakati wa kushusha, mzigo unaiacha sakafu na kutegemea vyuma ambavyo sekunde moja iliyopita vilikuwa vimekunjwa. Ikiwa havijafunguka hadi mwisho na kujifunga, machela huporomoka.

Fungueni komeo la sakafuni, vuteni taratibu hadi vyuma vya nyuma vishuke na kujifunga, endeleeni kuvuta, na machela itagota kwenye kulabu. Mgoto huo si kero, ndio kazi ya kulabu: inaizuia machela isiache gari kabla vyuma vya mbele, vile vya upande wa kichwa, havijateremka. Mhudumu wa kando ainame, aone kwa macho kwamba vimenyooka, aguse komeo lake kwa mkono, kisha aseme, "Vyuma vimeshika." Baada ya neno hilo, wala si kabla, aachilie kulabu. Kwa machela ya miguu ya mkasi, mhudumu wa kando ndiye anayevishusha vyuma kwa mkono wake wakati wa nyuma ameshikilia uzito, na kulabu hufunguliwa mwisho vilevile.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kulikagua gari la kituo kimoja ambacho sitakitaja. Kulabu ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Nilipouliza, nikaambiwa ilikuwa ikiwakwaza wahudumu. Wiki mbili kabla ya hapo machela ilikuwa imetoka mlangoni vyuma vya mbele vikiwa havijashika, na mama aliyelazwa juu yake alisalimika kwa sababu dereva alisimama karibu akaipokea kwa paja lake. Kulabu mpya ilifungwa siku hiyohiyo. Paja la dereva lilichukua muda zaidi.

Kivuko na vichochoro

Anayevuka Likoni na mgonjwa azingatie maji. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3, na maji yakiwa yamepwa gari huteremka zaidi kuifikia feri na kupanda zaidi upande wa pili. Likiteremka, machela husukuma kuelekea kwa dereva. Likipanda, uzito wote huegemea komeo na mlango wa nyuma. Kwa hiyo machela ivutwe kujaribiwa kabla ya kuingia kwenye mteremko, na mhudumu aliye nyuma asisimame. Msipakie wala kushusha mgonjwa gari likiwa mteremkoni penyewe.

Mji wa Kale una taratibu zake. Gari husimama barabarani, tuseme Ndia Kuu, na machela haifiki kwenye ngazi kali za nyumba za ghorofa. Chukueni kiti cha kubebea kinachokunjwa, mteremsheni mgonjwa nacho ikiwa hali yake inaruhusu kuketi, na machela iwasubiri mlangoni mwa gari ikiwa tayari imeshushwa kimo. Asiyeweza kuketi hubebwa kwa machela ya turubai na watu wanne. Ufukweni magurudumu madogo huzama, na huko pia hubebwa hadi palipo pagumu.

Chumvi, jiki na betri

Upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili huleta chumvi, na chumvi hupenda springi ndogo za komeo kuliko kitu kingine chochote. Komeo lililoota kutu ndani hutoa mlio uleule wa kufunga bila kushika. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikifungwa moja kwa moja kwenye reli ya alumini, reli ndiyo itakayoliwa kwenye hewa hii. Weka washa (vipete bapa) za nailoni kati yake. Anayesafisha machela kwa jiki, jambo la lazima baada ya damu au matapishi, aifute kwa maji safi baada ya muda wa dawa kutimia na kuikausha, maana klorini inayobaki hula chuma. Mashine ya kuoshea magari isielekezwe kwenye bawaba, beringi wala visanduku vya umeme. Hutoa grisi na kuacha maji. Reli zilizo wazi zisipakwe grisi ikiwa kitabu cha mtengenezaji hakisemi hivyo, kwa kuwa grisi na mchanga wa hapa hugeuka msasa.

Mtambo wa umeme una njia ya kuendeshwa kwa mkono betri ikiisha. Kila zamu iifanye kwa vitendo mara moja kwa mwezi, ile mifuko ya simenti ikiwa juu, kwani kutafuta wenzo wa dharura gizani huku mgonjwa akiwa nusu nje si wakati wa kufungua kitabu. Betri ya akiba ikae kwenye chaja kituoni, na tarehe yake ya kuanza kutumika iandikwe kwa kalamu ubavuni.

Ukaguzi

Kila asubuhi, kabla ya safari ya kwanza, machela itolewe na kurudishwa ikiwa tupu, kulabu na makomeo yaguswe kwa mkono, mikanda ivutwe, na magurudumu yazungushwe. Kwa ukaguzi mkubwa, Uingereza, kupitia kanuni zake za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia, hutaka kila kifaa kinachonyanyua watu kichunguzwe na mtu mwenye ujuzi angalau kila baada ya miezi 6. Kwa hewa ya Mombasa ningefanya kila miezi 3, na reli ingefunguliwa kabisa ili upande wake wa chini uonekane.

Machela iliyoonekana na kasoro isiandikiwe karatasi tu na kuegeshwa ukumbini. Iingizwe stoo, mlango ufungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao fundi, kwa sababu zamu ya usiku ikiishiwa machela haitasoma karatasi.